Shingo ya Luan

Toronto, 6 Septemba 1994

Mwalimu wangu mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo Mama. Natumaini joto la Shenyang limeshapungua na kikohozi chako hakijarudi. Mimi ni mzima. Goti linauma kukiwa na unyevunyevu tu, na hapa kando ya ziwa unyevunyevu ni wa kila siku.

Nimepata kazi, Mwalimu. Kazi hasa, si ile ya kukunja mashuka hotelini. Kuna kundi la maigizo linaloandaa mchezo kuhusu mji uliozingirwa na jeshi. Mkurugenzi wao, Bi Maureen Tasker, aliniona nikiwafundisha watoto wa Kichina kuchezesha mkuki katika ukumbi wa kanisa, akanichukua nimpangie miondoko yote ya jukwaani: mapigano, matembezi, mianguko. Mchezo utafunguliwa tarehe 18 Novemba. Ukifana, nimeahidiwa mkataba wa miaka mitatu. Usipofana, kibali changu cha kuishi kinakwisha Desemba, na nitarudi na sanduku langu lile lile, niwatazame watu wote walioniambia nisiondoke.

Nimeweka meza tatu. Ndiyo, zile zile. Mjumbe anapanda ukuta wa mji, yaani meza tatu zilizopandanishwa, anasimama juu akiwapa watazamaji mgongo, anatupa shingo kushoto, kisha anajipindua kinyumenyume mpaka chini. Bi Tasker alipoiona shingo yako hiyo, Shingo ya Luan, nikimwonyesha chini sakafuni, alishika mdomo. Kesho yake akamwita mpiga picha, na sasa bango la mchezo lina kijana aliyetupa shingo juu ya ukuta.

Kijana mwenyewe anaitwa Joel Penner, ana miaka ishirini na mitatu, mwepesi, msikivu, hana makuu. Kwenye meza moja na meza mbili hakuwa na taabu. Kwenye ya tatu, nilipoongeza shingo, alianza kutua upande. Jana alitua kwa bega. Bahati magodoro yalikuwepo.

Nadhani kosa ni langu. Ulipokuja hospitali mwaka 1985, goti langu likiwa kwenye plasta baada ya kuanguka toka meza ya tatu, uliniambia jambo moja tu: "Hukugeuza vya kutosha." Miaka tisa nimelala nalo na kuamka nalo. Sasa nimeshika mifupa ya mtoto wa mtu mwingine na siku zinanikimbia. Nifundishe tena, Mwalimu. Kidevu kiishie wapi hasa?

Mwanafunzi wako,
Zhuo Peiying


Shenyang, 21 Septemba 1994

Peiying,

Mkono wangu unatetemeka siku hizi, kwa hiyo mke wangu, mama yenu ninyi wanafunzi, ndiye anayeandika ninayosema.

Hongera kwa kazi. Lakini umelegea. Nchi za watu zimekulegeza. Kidevu hakiishii begani, kinapita bega. Jicho linashuka mpaka sakafuni, linasimama hapo, halafu ndipo unaruka. Mimi nilifanya hivyo katika opera yetu kwa miaka zaidi ya ishirini, na ukumbi ulikuwa unapiga kelele hata kabla miguu yangu haijaondoka mezani. Kijana wako anaogopa, na anayeogopa hugeuza nusu. Mgeuze zaidi.

Wala usije ukaiondoa ili kumrahisishia. Kaka yako Shuren, mwanafunzi mwenzako, anawafundisha watoto kumi na mmoja shingo hiyo hiyo katika kile kishule chake kule pwani, na hajalalamika. Ukiiondoa, usitaje jina langu huko.

Luan Dechang

Mwanangu, hapa ni Mama. Amekaa mkabala nami, anadhani naandika anwani. Kikohozi hakuna, anakula vizuri, ananung'unika vizuri zaidi. Hebu niambie jambo moja: huyo Joel macho yake ni mazima? Yote mawili? Nijibu upesi, wala usiulize kwa nini.

Ning Guizhen


Toronto, 8 Oktoba 1994

Mwalimu wangu,

Nimefanya ulivyosema. Nilimsimamisha Joel chini, nikamshika kidevu kwa mkono wangu, nikamgeuza mpaka akasema, "Bibi Zhuo, shingo yangu si ya bundi." Tukacheka. Baadaye akapanda, akageuza kama wewe kabisa, hata mimi nikasisimkwa. Mafundi wa taa waliacha kazi wakatazama.

Akatua kwa mkono wa kulia. Kifundo kimeteguka. Daktari amempa wiki mbili.

Bi Tasker hakugomba, na hilo ndilo linalonitia hofu zaidi. Aliniuliza tu kwa upole, "Peiying, una hakika na jambo hili?" Nikasema nina hakika. Mwalimu, nilisema hivyo kwa sababu una hakika wewe.  Nikisikia kitu chochote kimedondoka jikoni kwa jirani, naruka kitini.

Joel alinifuata nje akaniuliza kosa lake ni nini. Nikamwambia, "Hukugeuza vya kutosha." Neno likatoka lenyewe. Aliitikia kwa kichwa kama nilivyoitikia mimi hospitali.

Magodoro yataondolewa Jumatatu tarehe 7 Novemba, kwa sababu seti halisi haina nafasi ya kuyaficha. Nina mwezi mmoja.

Mama, macho ya Joel ni mazima yote mawili, anasoma hata maandishi ya mgongoni mwa tiketi. Umesema nisiulize, lakini nauliza: kwa nini?

Peiying


Shenyang, 22 Oktoba 1994

Mwanangu Peiying,

Barua hii isome ukiwa peke yako, na ukae kitako kwanza.

Mwalimu yuko mbele yangu anatafuna mbegu za alizeti. Ananiambia niandike kwamba kijana hana moyo, kwamba umfunge kitambaa kidevuni umvute mpaka azoee. Mimi naandika mengine. Hataona. Haoni, Peiying. Jicho la kushoto lina ukungu tangu mwaka juzi. Ananitambua kwa mwendo. La kulia halijaona kitu tangu mwaka 1961.

Naam, umesoma sawa. Mkuki ulimrudia mazoezini. Damu ilikuwa kidogo, akasema amechubuka kope. Mimi ndiye niliyekuwa nikitunza masanduku ya mavazi, nikampeleka kwa daktari wa mji mwingine ili habari zisienee. Wangejua, wangemtoa kwenye nafasi za wapiganaji jukwaani wampe kazi ya kusukuma masanduku kando yangu. Alikuwa na miaka thelathini na moja.

Kwa jicho moja hakuweza kujua sakafu iko umbali gani nyuma yake. Basi akajifunza kutupa shingo kushoto, aitafute kwa jicho lililobaki. Lakini shingo ikigeuka mwili unaifuata, na mwili ukigeuka hewani unatua upande. Mwaka mzima alianguka uani kila asubuhi na mapema, mimi nikitandaza mablanketi yetu yote, mpaka kiuno chake kikajifunza kurudisha kile shingo ilichoharibu. Kisha akapanda jukwaani. Watu wakaona ile shingo wakapagawa, gazeti likaipa jina, wanafunzi wakaja. Alikufundisha shingo. Kiuno hakukufundisha, maana angekutajia kiuno ungeuliza ni cha nini.

Sasa hivi ameniuliza, "Mbona unaandika kuliko ninavyosema?"

Nimemwambia, "Naandika kwa maandishi makubwa, mzee, binti asome vizuri."

"Karatasi haziokotwi."

"Tafuna mbegu zako."

Peiying, goti lako. Alijua. Alijua tangu ulipokuwa hewani. Aliporudi kutoka hospitali alikaa kwenye ngazi na koti lake, nikamwambia, "Mwambie mtoto wa watu ukweli." Akasema, "Nikimwambia, mimi ni nani tena?" Nikamwacha. Nimepika, nimefua, nimenyamaza miaka tisa, ulipokuja kuaga ukitembea na fimbo nikakufungia mkate wa njiani na nikanyamaza. Kwa hiyo usinihesabu kuwa mtu mwema. Lakini ulipoandika umemwambia yule kijana neno lile lile, nilisoma kwa sauti mpaka hapo, sauti ikakatika. Nikamwambia mzee nimepaliwa.

Huyo Joel ana macho mawili. Mwache atazame mbele, kama anavyofundishwa mtu yeyote, aruke.

Kesho naipeleka posta mwenyewe, kwa rejista, kwa njia ya haraka kuliko zote. Ngazi zetu zimejaa kabichi za akiba ya majira ya baridi, nitaziruka.

Anauliza kama nimemaliza. Nimesema bado sahihi yako. Amesema, "Iweke." Siiweki.

Guizhen


Toronto, 25 Oktoba 1994

Mwalimu, Mama,

Naandika haraka. Kwenu kimya, huenda barua zinapishana.

Joel amerudi. Kifundo kimepona lakini yeye hajapona. Leo alipanda juu akakaa pale, akasema, "Siwezi, samahani," akashuka kwa ngazi. Bi Tasker anasema bila shingo mchezo hauna kitu, bango limeshabandikwa mji mzima, na kama Joel hawezi atatafutwa mwingine. Mwingine atajifunza lini?

Nimeamua. Jumamosi tarehe 5 nitapanda mwenyewe nimwonyeshe. Sijaruka meza tatu tangu siku ile. Goti litafungwa bandeji, magodoro bado yatakuwepo. Nikigeuza vya kutosha safari hii, ataamini. Nami pengine nitaamini.

Msiwe na wasiwasi. Kama kuna la kunikumbusha, nambari ya ofisi ya kundi iko nyuma ya bahasha.

Peiying


Shenyang, 5 Novemba 1994

Peiying, Peiying,

Barua yako imefika leo. Leo ndiyo Jumamosi yenyewe! Sijui ile yangu umeipata au imelala kwenye gunia la mtu.

Nilitoka na aproni kiunoni mpaka kituo cha simu. Huko kwenu ilikuwa bado Ijumaa jioni, binti wa dirishani alinihesabia kwa vidole. Nikapewa kibanda. Ikaita, ikaita, kisha akapokea mwanamke akaongea Kiingereza bila kupumua, kikalia kitu "tiii", halafu kimya. Nikasema, "Halo, dada, niitie Peiying." Kimya. Binti wa dirishani akapaza sauti, "Bibi, hiyo ni mashine! Sema unachotaka, inarekodi!"

Nikapiga kelele. Nilisema, usipande, usigeuze shingo, mzee hana jicho, shingo ile ni ya kipofu, usigeuze! Nilirudia mpaka hela ikaisha. Nilipotoka kibandani foleni nzima ilikuwa inanitazama, na wa tatu kwenye foleni alikuwa Mzee Bai, mlinzi wa lango letu, ambaye hawezi kuweka siri hata ya hali ya hewa.

Sasa ni saa kumi. Mwalimu amekaa chumbani, hajaniuliza nilikwenda wapi. Si kawaida yake.

Niandikie mstari mmoja tu. Niandikie kwamba umesimama kwa miguu yako.

Guizhen


Toronto, 9 Novemba 1994

Mama,

Nimesimama kwa miguu yangu.

Barua yako ya rejista ilinifikia Ijumaa mchana. Niliisoma nimekaa, kama ulivyosema, kwenye ngazi za nje, na bandeji ya goti nilikuwa nimeinunua tayari, iko kwenye mfuko. Niliisoma mara tatu. Kisha nikaingia ndani nikamwambia Joel, "Tazama mbele. Achana na shingo." Akauliza, "Na yote uliyonifundisha?" Nikasema, "Yalikuwa makosa, si yako." Akapanda, akaruka, akatua katikati. Akaruka mara saba. Ya saba alicheka akiwa hewani. Mimi nilikwenda chooni nikalia mpaka fundi wa taa akagonga mlango.

Simu yako Bi Tasker aliisikia Jumatatu. Akaniita, akabonyeza mashine, ukaanza kupiga kelele ofisini kwake. Akaniuliza mama huyu anasema nini. Ningeweza kudanganya, hakuna aliyeelewa ila mimi. Nikamtafsiria kila neno. Alizima mashine, kisha akasema bango lake sasa ni la uongo, na kwamba mruko mtupu ni wa kawaida, hata sarakasi za watoto zinao. Akasema habari ya miaka mitatu tutaizungumza baada ya mchezo. Sijalala vizuri tangu hapo. Tarehe 18 itanikuta nimekonda kuliko mkuki.

Lakini si hilo linalonichoma. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, Mama. Nilikuwa mwanamke pekee katika kundi letu aliyeruka meza tatu. Nilivunjika mbele ya watu elfu moja, na kwa miaka tisa nimewaomba radhi moyoni watu hao wote, na yeye nikamwomba radhi kwa mdomo wangu, kitandani, nikilia. Akapokea! Aliitikia kwa kichwa, akapokea!

Wewe sina la kukulaumu, au ninalo, lakini si leo. Yeye msomee unachotaka. Mwambie nashukuru. Mwambie shingo imependeza. Mimi sina la kumwambia.

Peiying


Shenyang, 24 Novemba 1994

Peiying,

Naandika mwenyewe. Nimeweka rula juu ya karatasi niifuate kwa kidole, na mistari ikipandana utanivumilia. Mama yako yuko sokoni.

Amenisomea barua yako. Kwa maneno yake unanishukuru na shingo imependeza. Nimeishi na mwanamke huyo miaka thelathini na sita. Akisema uongo husoma haraka. Hata hivyo nilikuwa nimeshajua. Mzee Bai alikuja Jumamosi ile na chupa ya pombe, akaniambia, "Ndugu Luan, pole na jicho, mbona hukusema?" Jengo zima linajua. Watoto wa ghorofa ya pili sasa wananishika mkono kunivusha ngazi. Nimekaa na jambo hilo miaka thelathini na mitatu, limekwisha katika foleni ya simu.

Sitakueleza sababu, umeshaelezwa. Nakwambia hili tu, ambalo Mama hakuliona. Mwaka 1985 nilipokuja hospitali, nilikuwa nimejiandaa njiani kusema. Nilifika mlangoni. Ukainua kichwa ukaniambia, "Nisamehe, Mwalimu, nimekuaibisha." Nikaona mlango umefunguliwa nitoke, nikatoka. Ukaniuliza kosa lilikuwa nini, nikasema lile neno. Goti lako nimelivunja mimi, na nililivunja mara mbili.

Siombi kitu. Nataka kujua kama kijana alitua.

Luan Dechang


Toronto, 8 Desemba 1994

Mwalimu,

Alitua. Maonyesho kumi na mawili, alitua yote. Watu walipiga makofi ya kawaida. Gazeti moja lilisema mapigano ni mazuri sana, la mruko halikusema kitu. Nimepewa mkataba wa mwaka mmoja, si mitatu. Bi Tasker anasema anataka kuona ninachofundisha kilicho changu. Sijui bado kama kipo. Hilo linanitia hofu asubuhi nikipiga mswaki.

Barua yako nimeisoma. Sijakusamehe. Nimejaribu kwa wiki nzima, nikidhani nikikuonea huruma kwa macho yako itakuja yenyewe, haikuja. Nakuonea huruma, na sijakusamehe, yote mawili yako ndani.

Nakuja mwisho wa Januari, kwa sikukuu ya mwaka mpya wetu wa Kichina, nikae siku kumi. Mwambie Mama asininunulie kitu. Lakini kuna jambo kwanza. Kaka Shuren ana watoto kumi na mmoja. Bado wako meza mbili, aliniandikia mwezi wa nane, meza ya tatu watapandishwa majira ya kuchipua. Mdogo wao ana miaka tisa. Jengo lenu kujua hakuwasaidii wale watoto. Shuren akisikia kwa watu hataamini, atasema ni wivu. Atakuamini wewe tu, tena kwa mkono wako.

Ukimwandikia, nitaingia chumbani kwako nikusalimu. Usipomwandikia, nitakaa jikoni na Mama siku zote kumi, nawe utanisikia nikipita.

Peiying


Shenyang, 22 Desemba 1994

Mu Shuren, mwanafunzi wangu,

Naandika kwa mkono wangu, na mama yako anashuhudia hapa pembeni.

Waondoe watoto wote kwenye Shingo ya Luan leo hii, usingoje kumaliza mwezi. Watazame mbele wanaporuka. Jicho langu la kulia ni pofu tangu mwaka 1961. Nilikuwa natafuta sakafu. Hakukuwa na sanaa yoyote pale, wala wewe hukukosea kuniamini.

Najua mgongo wako unakuuma tangu 1988, na kwamba hujamwambia mtu uliumiaje. Mimi najua uliumiaje.

Wasomee watoto barua hii kwa sauti, na jina langu ulisome pia.

Luan Dechang